Kisa cha Msahafu Tunachokikatiza Njiani

Aliyewahi kukaa kwenye mihadhara ya dini, iwe Dar es Salaam au Mombasa, ameshaisikia sentensi hii: "Qur'ani haijabadilika hata nukta." Husemwa kwa sauti ya juu, takbira zikafuata, mhadhiri akahamia hoja nyingine. Lakini misahafu iliyosambazwa na Sayyidna Uthman, khalifa wa tatu, haikutegemea nukta. Ba, ta na tha zilikuwa umbo moja, na katika kurasa tulizonazo za karne ya kwanza ya Hijria nukta zimedondoshwa hapa na pale tu, pengine herufi moja katika mstari mzima. Alama za irabu, zinazoonyesha a, i na u, hazikuwemo kabisa. Hii si siri. Kila aliyesoma ulumul-Qur'ani, elimu za Qur'ani, anaijua, na vitabu vya fani hiyo vimeieleza kwa kirefu.

Sasa mchukue kijana aliyelelewa na sentensi ile. Usiku mmoja anafungua simu, anakutana na mtu anayemwonyesha ukurasa wa kale usio na nukta, kisha anaambiwa: "Umeona?" Anajihisi amedanganywa. Kwa kiasi fulani ni kweli amedanganywa, ila aliyemdanganya si huyo wa kwenye simu.

Kisa cha kukusanywa kwa Qur'ani, kama kilivyo katika Sahih Bukhari, kwa Tirmidhi na kwa Ibn Abi Dawud, kina woga, kina kusitasita, kina ugomvi, na kina moto. Wanazuoni wa mwanzo waliyaandika yote hayo bila kuona haya. Sisi ndio tunaoona haya, na kwa haya zetu tumeutupa ushahidi wenye nguvu kuliko makelele ya jukwaani.

Tuanze Yamama. Mtume (S.A.W.) alifariki mwaka 11 Hijria, 632 Miladia, akiwaachia watu Qur'ani yote vifuani, na maandishi yake yakiwa yametawanyika: kwenye vipande vya ngozi, pongoo za mtende zilizokwanguliwa majani, mawe bapa, mifupa ya mabega ya ngamia. Kitabu kimoja chenye jalada hakikuwepo. Mwaka uliofuata vikapiganwa vita vya Yamama dhidi ya Musailima, na wakauawa makari, wasomaji wa Qur'ani, wengi, akiwemo Salim, mtumwa huru wa Abu Hudhaifa, mmoja wa wanne ambao Mtume mwenyewe alisema Qur'ani ichukuliwe kwao. Umar bin Khattab akaingiwa na hofu. Vita vingine viwili vitatu kama vile, akaona, na sehemu kubwa ya Qur'ani ingeweza kuzikwa na wenyewe.

Ninachokipenda katika riwaya ya Bukhari ni jibu la Abubakar, khalifa wa kwanza, Umar alipomshauri Qur'ani ikusanywe pamoja. Hakusema "hewaa!" Alisema: nitafanyaje jambo ambalo Mtume hakulifanya? Umar akashikilia kwamba ni kheri, akamrudia na kumrudia mpaka Abubakar akakubali. Wakamwita Zaid bin Thabit, kijana wa miaka ishirini na kidogo aliyekuwa mwandishi wa wahyi. Naye akauliza swali lile lile, neno kwa neno: mtafanyaje jambo ambalo Mtume hakulifanya? Alipokubali, alisema lau wangemtaka auhamishe mlima usingemwelemea kama kazi ile.

Watu watatu hawa walikaa na Mtume, na wawili kati yao walitetemeka kabla ya kugusa kitu. Mtu anayetaka kutunga kitabu hasimulii namna hiyo.

Zaid alikuwa hafidhi. Angeweza kuketi na kalamu akaandika alichokihifadhi, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakufanya hivyo. Riwaya nyingine zinasema yeye na Umar walikaa mlangoni pa msikiti, kila mwenye kipande akija nacho sharti awe na mashahidi wawili. Aya mbili za mwisho za Sura ya Tawba, Laqad jaakum rasulun min anfusikum, Zaid anasema hakuzipata kwa mwingine isipokuwa kwa Abu Khuzaima al-Ansari. Wapinzani wameishika sana kauli hii: kumbe aya nzima ilikuwa kwa mtu mmoja! Lakini Zaid asingeweza kutafuta kitu asichokijua. Alizijua aya zile na aliwajua wengine wanaozisoma. Alichokikosa kwa wengine ni maandishi. Alikuwa anatafuta hati ya kitu kilicho kichwani mwake, na hakuridhika mpaka aipate.

Kurasa zile zikakaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, na Umar alipouawa mwaka 23 Hijria zikabaki kwa binti yake Hafsa, mjane wa Mtume. Hazikusambazwa. Hapa mihadhara mingi huruka moja kwa moja mpaka leo, kana kwamba kazi iliishia hapo. Kumbe kurasa za Hafsa zilikuwa akiba ya nyumbani tu, na huko nje Waislamu walikuwa wakisoma kwa walimu wao: mji wa Kufa, Iraq, kwa usomaji wa Abdullah bin Mas'ud, Sham (Syria na jirani zake) kwa usomaji wa Ubayy bin Kaab, Basra kwa Abu Musa al-Ash'ari. Baadhi ya masahaba hao walikuwa na misahafu yao binafsi, na haikufanana kila neno.

Kutofanana huko hakukuanza baada ya Mtume. Umar mwenyewe amesimulia jinsi alivyomsikia Hisham bin Hakim akisali na kusoma Sura ya Furqan kwa namna asiyoijua, akamvumilia mpaka akatoa salamu, kisha akamkamata kwa nguo yake na kumkokota mpaka kwa Mtume. Mtume akamsikiliza Hisham, akasema: hivyo ndivyo ilivyoteremshwa. Akamsikiliza Umar, akasema: hivyo ndivyo ilivyoteremshwa. Akawaambia kuwa Qur'ani imeteremka kwa herufi saba, wasome iliyo nyepesi kwao. Maana ya "herufi saba" wanazuoni wameivutana mpaka mwanazuoni Suyuti akataja kauli karibu 40, na mimi sitaongeza ya 41. Inatosha kuona kwamba wasaa ulikuwepo tangu Madina, na mwenye kuutoa alikuwa Mtume mwenyewe.

Wasaa ambao watu wa mji mmoja waliuchukulia kuwa rehema uligeuka fitina majeshi yalipokutana. Katika vita vya Armenia na Azerbaijan, kwenye miaka ya 25 hadi 30 Hijria, askari wa Sham na wa Iraq walisikilizana wakisoma, wakaanza kukufurishana. Hudhaifa bin Yaman alirudi Madina amefadhaika, akamwambia Uthman: uwahi umma huu kabla haujahitilafiana juu ya Kitabu kama walivyohitilafiana Mayahudi na Manasara.

Uthman akaziazima kurasa za Hafsa. Neno ni kuazima, na alizirudisha. Akaunda jopo la watu wanne: Zaid, Ansari wa Madina, pamoja na Makuraishi watatu, Abdullah bin Zubair, Said bin al-As na Abdurrahman bin Harith. Akawaambia wakihitilafiana na Zaid waandike kwa lugha ya Kikuraishi. Imesimuliwa kwamba walihitilafiana juu ya neno moja katika Sura ya Baqara, tabut: Zaid akitaka limalizike kwa ha, wao kwa ta. Uthman akaamua ta. Kama hiyo ndiyo hitilafu iliyofikia kupelekwa kwa khalifa, basi tunajua jopo lile lilikuwa likibishana juu ya vitu vya ukubwa gani.

Nakala zikapelekwa mijini. Wapo wanaosema nne, wapo wanaosema tano au saba. Kisha ikatoka amri iliyobaki kuwa chungu mpaka leo: maandishi mengine yote ya Qur'ani yachomwe.

Ibn Mas'ud alikataa. Tusipunguze makali ya maneno yake. Alisema amechukua sura sabini na zaidi kutoka kinywani mwa Mtume wakati Zaid akiwa bado mtoto anayecheza na wenzake, na akawahimiza watu wa Kufa wafiche misahafu yao. Alikuwa na haki ya kuumia. Ni katika wa mwanzo kusilimu, na yeye ndiye wa kwanza kutajwa kati ya wale wanne aliowataja Mtume. Hakuitwa kwenye jopo. Jeraha hilo lilikuwa la kisiasa na la heshima pia, na baadaye waasi waliomzunguka Uthman walilihesabu tendo la kuchoma misahafu kuwa moja ya makosa yake, kabla ya kumuua mwaka 35 Hijria. Aliyemtetea, kwa riwaya ya Ibn Abi Dawud, ni Ali bin Abi Talib: msimseme Uthman ila kwa kheri, hakufanya alilofanya ila mbele yetu sote, na lau ningekuwa mimi ningefanya vile vile.

Kauli hiyo ina uzito ambao wengi hawaupimi. Baada ya Uthman, Ali alitawala kwa takriban miaka mitano, makao yake yakiwa Kufa, mji wa Ibn Mas'ud. Kama ingekuwepo Qur'ani nyingine iliyofichwa, hapo ndipo pahali na huo ndio wakati wa kuitoa. Haikutoka. Sunni, Shia na Ibadhi walimwagiana damu juu ya ukhalifa, na wote wakabaki wanasoma msahafu mmoja. Mwenye kudai kuwa dola ilijitungia maandishi aeleze kwanza jinsi maadui wa dola hiyo walivyokubali kuyasoma kwenye sala zao.

Wakati huo huo tukubali kwamba kitu kiliachwa. Katika kafara ya kiapo, Sura ya Maida aya ya 89 inasema asiyeweza kulisha au kuvisha maskini kumi wala kuacha huru mtumwa afunge siku tatu. Usomaji wa Ibn Mas'ud ulikuwa na neno la ziada: siku tatu mfululizo. Neno hilo halimo katika msahafu wako. Lakini halikupotea: Mahanafi walilichukua wakalijengea hukumu, kwao siku hizo lazima zifuatane, ilhali kwa Mashafii, ambao ndio wengi wetu huku pwani, mtu anaweza kuzitenganisha. Tofauti iliyofungiwa nje ya msahafu inaishi mpaka leo katika fiqhi, imeandikwa, inafundishwa. Dini inayoficha ushahidi haiufundishi darasani.

Sasa turudi kwenye zile nukta. Alichokisimamisha Uthman ni mifupa ya maandishi, rasm, yaani maumbo ya herufi bila nukta wala irabu. Mifupa hiyo ilibana sana, na ilibakiza nafasi. Katika Fatiha, ملك imeandikwa kwa herufi tatu. Sisi tunasoma maaliki yaumid-din, kwa kuvuta. Msomaji wa Morocco au Senegali anasoma maliki, bila kuvuta. Wote wawili wanasoma mifupa ile ile, na kila mmoja anaye mwalimu, na mwalimu wake anaye mwalimu. Kwa hiyo msahafu bila mwalimu ulikuwa haumfai mtu, na mwalimu bila msahafu alikuwa hana wa kumbana. Ndiyo maana nakala zilipokelewa mijini na watu waliokwisha kuijua Qur'ani kwa sikio, na maandishi yakafanya kazi ya kukata kile ambacho hakikuingia ndani yake.

Misahafu ya miji hiyo ilitofautiana yenyewe kwa yenyewe katika sehemu takriban arobaini, nazo ni tofauti ndogo za herufi moja au neno. Aali Imran 133, wa saariu, katika misahafu ya Madina na Sham haina ile wau. Wanazuoni waliziorodhesha zote, mji kwa mji. Walikuwa wanahesabu wau!

Irabu zilifuata baada ya watu wasio Waarabu kujaa katika dini. Imesimuliwa kwamba Abul-Aswad ad-Du'ali, aliyefariki Basra mwaka 69 Hijria, alimsikia mtu akisoma aya ya tatu ya Tawba, kwamba Mwenyezi Mungu amejitenga na washirikina "na Mtume Wake" pia amejitenga nao. Msomaji akatia kasra (i) badala ya dhamma (u), rasulihi badala ya rasuluhu, na maana ikageuka kuwa Mwenyezi Mungu amejitenga na washirikina na amejitenga na Mtume Wake. Abul-Aswad akamtafuta mwandishi na wino wa rangi tofauti, akamwambia: ukiniona nimefungua mdomo tia nukta juu ya herufi, nikiukunja tia mbele yake, nikiushusha tia chini. Kizazi kilichofuata, zama za Hajjaj, gavana wa Iraq, kikashughulikia nukta za kutofautisha herufi, kazi inayohusishwa na Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mar. Fat-ha, kasra na dhamma za umbo tulizonazo leo zinatokana na Khalil bin Ahmad al-Farahidi wa karne ya pili, mtu wa asili ya Oman. Rangi tofauti ina maana yake. Walijua wanaongeza msaada wa kusomea juu ya maandishi, na hawakutaka mtu achanganye msaada na maandishi yenyewe.

Visomo vikazidi kuchujwa. Ibn Mujahid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 324 Hijria, akachagua saba. Karne tano baadaye Ibn al-Jazari akazithibitisha kumi. Kati ya hizo, iliyoenea duniani leo ni riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, na chapa ya Cairo ya mwaka 1924 ndiyo iliyoisukuma zaidi, kisha zikaja chapa za Madina. Asim alikuwa mtu wa Kufa. Mji uliougomea msahafu wa Uthman kuliko miji yote ndio uliotupa kisomo ambacho karibu kila chuo cha Afrika Mashariki kinafundisha. Na mmoja wa walimu wa Asim, Zirr bin Hubaish, alikuwa mwanafunzi wa Ibn Mas'ud.

Kwa wasioamini riwaya, na wapo wengi katika vyuo vikuu vya Ulaya, yote niliyoyasema mpaka sasa ni maneno ya Waislamu kujisifia. Mwaka 1977 John Wansbrough wa Chuo Kikuu cha London alidai Qur'ani haikupata umbo lake la mwisho mpaka karibu miaka mia mbili baada ya Mtume. Dai hilo liliwahi kuwa na wafuasi. Leo ni vigumu kulisimamisha, na kilicholiangusha ni ngozi za wanyama.

Julai 2015 Chuo Kikuu cha Birmingham kilitangaza kuwa kurasa mbili zilizokuwa katika hazina yake, zenye aya za Kahf, Maryam na Taha, ngozi yake imepimwa kwa kaboni ikaonekana ni ya kati ya mwaka 568 na 645. Kipimo hupima mnyama alikufa lini, hakipimi wino uliandikwa lini, na wataalamu bado wanabishana juu ya vipimo hivi. Lakini kurasa kama hizo si mbili tu. Zipo Paris, Saint Petersburg, Tübingen, Sanaa.

Sanaa ndiyo inayopendwa na wapinzani. Mwaka 1972 mafundi waliokuwa wakiukarabati Msikiti Mkuu wa Sanaa walikuta juu ya dari rundo la ngozi chakavu za misahafu. Moja ya misahafu hiyo imeandikwa mara mbili. Waliosoma chuoni kwa ubao wanaelewa mara moja: unaandika, unahifadhi, unaosha, unaandika tena. Ngozi ilikuwa ghali, maandishi ya kwanza yakafutwa na mapya yakaandikwa juu, ila wino wa zamani ukajitokeza tena na miaka. Ya juu ni msahafu wa Uthman. Ya chini siyo. Mwaka 2012 Behnam Sadeghi na Mohsen Goudarzi walichapisha yanayosomeka humo: sura zimepangwa kwa mpangilio mwingine, maneno hapa yamezidi, pale yamepungua, kwingine limewekwa neno lenye maana ya karibu. Ndani ya kila sura, aya ni hizi hizi tunazozijua.

Ukishayasoma hayo, fungua tena riwaya za msahafu wa Ibn Mas'ud na wa Ubayy. Ni tofauti za aina ile ile. Ukurasa wa Sanaa ni mmoja kati ya ile iliyopaswa kuondolewa, na umetufikia kutoka chini ya maandishi yaliyoamriwa yachukue nafasi yake. Mpinzani anauleta kama siri iliyofichuka. Mtu aliyekisoma kisa chote anauona kama stakabadhi.

Ushahidi ninaouthamini kuliko yote hauhitaji safari ya Yemen. Chukua msahafu wowote ulioko nyumbani, fungua Sura ya Ibrahim aya ya 34: wa in tauddu ni'mata-llahi la tuhsuha, na mkizihesabu neema za Mwenyezi Mungu hamtazimaliza. Tazama neno ni'mata: limemalizika kwa ta iliyofunguka, نعمت. Sasa fungua Sura ya Nahl aya ya 18. Maneno ni yale yale, na ukiyasoma kwa kuunganisha sikio halisikii tofauti yoyote, ila hapa neno limeandikwa kwa ta iliyofungwa, نعمة. Kwa nini? Hakuna kanuni ya lugha inayolazimisha. Ni mkono tu wa mwandishi, siku ile uliandika vile, siku nyingine vingine.

Mwaka 2019 Marijn van Putten, mtaalamu wa lugha kutoka Uholanzi, aliifuatilia tahajia ya neno hili katika misahafu ya kale zaidi ya kumi, iliyoandikwa na watu tofauti katika miji tofauti. Akakuta inafuatana: palipo na ta iliyofunguka katika mmoja, ndipo ilipo katika mingine, na kadhalika ile iliyofungwa. Jambo hilo haliwezi kutokea kwa bahati, na haliwezi kutokea kwa kuhifadhi moyoni, kwa sababu ulimi haubebi tahajia. Linatokea pale tu kila mwandishi anapokuwa na nakala mbele yake, iliyonakiliwa kutoka nakala nyingine, na zote zikirudi kwenye asili moja iliyoandikwa. Waliokuja baadaye, mpaka wanakili wa Siyu kisiwani Pate, walikuwa na mtindo wao wa kutahajia kama waandishi wote, na tahajia ya wenyewe kwa wenyewe ingewafanya walinganishe yale maneno mawili. Kamati ya Cairo ilipokaa kuandaa chapa yake kabla ya 1924, iliifuata elimu ya rasm iliyopokewa vitabuni, bila ya kuwa na ngozi hizi za kale mezani. Chapa yake ina ta iliyofunguka katika Ibrahim na iliyofungwa katika Nahl, kama zilivyo katika ngozi za karne ya kwanza.